Zawadi za Desemba, Kupanda na Kushuka Mlima

Kwa mtoto aliyezaliwa Marangu, mlimani Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Krismasi ilianzia kwenye kahawa. Miezi kadhaa kabla ya sikukuu watoto waliamshwa alfajiri kuchuma kahawa mbivu, kuzungusha mashine ya kumenyea, kuosha buni na kuzianika kwenye vichanja, kisha kuziingiza ndani mbiombio wingu likianza kufunga. Kahawa ilikwenda chama cha msingi, chama kikaipeleka KNCU, ule ushirika wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933. Malipo yalipotoka, baba mwenye watoto wengi alikuwa ameshaigawa hela hiyo kichwani: ada, deni la dukani, sadaka ya kanisa na, kama bei ilikuwa nzuri, nguo za Krismasi.

Mwalimu mmoja mstaafu, mzaliwa wa huko aliyefundisha shule za msingi Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya maisha yake, bado anazikumbuka nguo hizo kwa rangi. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Baba alishuka Moshi mjini na kurudi na kitambaa kilichokatwa kwenye jora moja, na kitambaa hicho kikawavika watoto wote wa nyumba, magauni kwa wasichana na mashati kwa wavulana. Siku ya sikukuu ulitambua watoto wa nani wanapita kwa kuangalia maua ya nguo zao. Fundi cherehani wa sokoni alipima kwa utepe, kisha akaongeza, maana mama alisimama pembeni akimwambia, "Ongeza fundi, huyu anakua." Gauni lilifika chini ya magoti, na ndani yake kulikuwa na upindo mpana uliosubiri kufunguliwa Krismasi ya mwaka unaofuata.

Mwaka mmoja alitamani sana gauni lenye mkanda wa kufunga kwa nyuma, kama alilomwona nalo mtoto wa mchungaji. Hakusema. Nyumbani kwao mtoto hakumtajia baba zawadi anayoitaka. Angeonekana hana adabu, au mbaya zaidi, angeonekana hajui hali ya nyumbani. Akapokea gauni kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akachana kamba ya mgomba na kujifunga kiunoni aone lingekaaje.

Zawadi nyingine zilisafiri mikononi mwa watoto wenyewe. Mbuzi alipochinjwa, kidari kilikuwa cha mzee na damu haikumwagwa kwa sababu ya kisusio, ile supu ya damu. Nyama iliyobaki iligawanywa mafungu, ikafungwa kwa majani ya mgomba, na kila mtoto akapewa njia yake: wewe kwa bibi, wewe kwa shangazi, wewe kwa jirani wa ng'ambo ya mfereji ambaye mwaka huu hana mfugo. Hakuna aliyerudi mikono mitupu. Ulirudi na mayai mawili, au chane ya ndizi mbivu, au kibuyu kidogo cha maziwa, au ulezi kwenye kikombe. Na mama, kabla hujafika mlangoni, alishauliza, "Amekupa nini?"

Mgeni angedhani ni uchoyo. Kumbe lilikuwa swali la kutaka habari. Jirani aliyezoea kurudisha mayai akirudisha maneno matupu, mama alielewa kwamba kuna jambo katika nyumba ile, na kesho yake alivuka mfereji kwenda kuangalia. Mwalimu anasema alijifunza hapo jambo ambalo hakuambiwa na mtu: anayepewa naye lazima aachiwe nafasi ya kutoa. Ukimnyima nafasi hiyo, umempa nyama na kumchukulia heshima.

Miaka ya 1970 ilipita kwa kupanda na kushuka. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapaa, na ingawa sehemu tu ya neema hiyo ilimfikia mkulima, zilionekana Krismasi za viatu vya Bata. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa, mpaka na Kenya ukafungwa, na Taveta, ambayo watu wa mlimani waliiendea kama soko la jirani, ikawa nchi ya magendo. Kisha vita vya Kagera. Binti yule wa gauni la jora moja alipomaliza chuo cha ualimu na kupangiwa Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1980, maduka yalikuwa matupu.

Hapo ndipo zawadi zilipoanza kubadili njia, kwa kiasi kidogo kwanza. Mwenye kazi mjini ndiye aliyekuwa na kadi ya duka la kaya, ndiye aliyejua foleni ya sabuni iko wapi. Mwalimu alianza kuiandaa Krismasi mwezi Oktoba: robo kilo ya sukari ikibaki inahamishiwa kwenye kopo la bati, mche wa sabuni unakatwa vipande viwili na kimoja kinawekwa. Mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC yako bondeni kule Arusha Chini, kusini mwa Moshi, lakini sukari ya kumpelekea mama aliyekuwa karibu na kiwanda ilitoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, imefungwa ndani ya khanga na khanga ndani ya begi. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu waliogopa kukutwa hata na kifurushi cha halali. Mwalimu alisafiri na kilo zake chache akiwa amezigawa kwa abiria wenzake wawili, kila mmoja akishika kidogo, wakakabidhiana tena Himo.

Baba yake alikuwa anaandika barua. "Usihangaike mwanangu, wewe uje tu salama," iliisha hivyo kila mwaka, na sahihi ikafuata. Chini ya sahihi, kwa herufi ndogo: betri za redio, zile kubwa, nne. Barua hiyo ilimchekesha na kumpa faraja. Betri nne aliziweza. Tena alipozitoa kwenye begi na baba akazipachika, sauti ya Redio Tanzania ikajaa sebuleni na majirani wakaingia kusikiliza, alihisi amemfanyia baba jambo ambalo baba mwenyewe alilitaja kwa mkono wake. Hakuna zawadi aliyowahi kutoa baadaye iliyompa uhakika wa namna ile.

Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, biashara ikalegezwa, na baada ya Ali Hassan Mwinyi kuingia Ikulu mwaka 1985 maduka yakajaa. Mitumba ikarudi. Ungedhani mambo yangekuwa mepesi, lakini sukari ilipopatikana kila kona haikuwa tena zawadi ya kumtoa mtu machozi, na kipimo kikapanda. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakidhibiti mauzo ya kahawa yakavunjika na bei ikaporomoka. Wazee waliokuwa wakitoa nguo za Krismasi wakaanza kuhesabu kama kahawa inarudisha hata gharama ya dawa ya kupulizia. Kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani, migomba ikabanana zaidi, mibuni ikazeeka bila kupandwa mingine. Hela ya kahawa ilipokauka, watu wazima wa mlimani wakageuka kuwa wapokeaji, na watoto wao walioko mijini wakawa watoaji. Mgeuko huo ulichukua miaka michache tu, na hakuna aliyekaa kikao kuujadili.

Safari ya Desemba ya Wachagga, wenyeji wa mlima huo, ikapata sura inayofahamika leo Tanzania nzima. Mabasi yanajaa, nauli zinapandishwa kinyemela na mamlaka zinatoa maonyo, magari madogo yanapanga mstari kutoka Chalinze hadi Korogwe, Same, Mwanga, mpaka njia panda ya Himo. Juu ya basi na kwenye buti: mchele wa Mbeya au wa Kyela, mafuta ya kula, blanketi, vitenge, khanga, viatu, vyote vimesokomezwa kwenye lile begi la mistari linaloitwa shangazi kaja. Na kijijini, wanaokaa kando ya barabara hawana haja ya kuuliza. Wanaona begi limebebwa na mtu mmoja au wawili.

Mwalimu alikuwa na mdogo wake Manzese, Dar es Salaam, mfanyabiashara mdogo aliyekuwa akiuza mitumba, mwaka mzuri na mwaka mbaya. Mwaka mbaya ulipomkuta alisema atakwenda mwakani. Mwakani ikaja na mwakani nyingine. Hakuwa amegombana na mtu. Alikuwa anawapenda wazazi wake kiasi cha kuulizia ng'ombe wa mama kwa jina. Lakini hakuweza kushuka kwenye basi mchana kweupe, begi moja dogo begani, mbele ya vijana wa rika lake walioegesha magari kanisani. Dada yake aliporudi kutoka nyumbani na kumpelekea mkungu wa ndizi aliotumwa na mama, swali lake la kwanza lilikuwa nani mwaka huu ameleta nini. Hali ya baba aliiulizia baadaye.

Huo ndio uzito ambao watu wa mlimani hawapendi kuuzungumzia. Nyimbo na mizaha ya Desemba husifu wanaopanda mlima. Wanaobaki Dar es Salaam kwa aibu ya mfuko hawatajwi. Ni wengi, na kila familia ina wake. Baba alifariki wakati mdogo huyo hajaonekana nyumbani kwa muda mrefu, na kwenye msiba alikuja bila chochote, maana msibani hakuna anayekagua begi. Ilimuuma Mwalimu kwamba ilibidi mtu afe ndipo mdogo wake apate ruhusa ya kurudi mikono mitupu.

Na wanaoletewa nao wana yao. Mama yake Mwalimu alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Siku moja, akitafuta hati ya kiwanja, Mwalimu alilifungua na kukuta khanga alizomletea mama yeye mwenyewe Krismasi baada ya Krismasi. Zilikuwa doti nzima, hazijakatwa wala kupindwa, bado zina wanga wa kiwandani na ile harufu ya dukani, zimepangwa kwa utaratibu wa mtu anayeweka akiba. Nyingine zilikosekana, na moja kati ya hizo alishawahi kuiona kiunoni mwa mke wa mjomba.

Alikasirika. Kwenda Kariakoo, kusukumana na watu, kuchagua rangi inayomfaa mama, kusoma maandishi ya khanga moja baada ya nyingine ili yasije yakasemwa vibaya kijijini, halafu doti iishie kwa mke wa mjomba! Alimuuliza. Mama hakujitetea. Alisema amepata mgeni siku hiyo, mgeni amemletea kuku, na yeye nyumbani hana kitu cha kumpa ila doti. "Ungetaka nimwache aende hivihivi?" Kisha akaendelea kuchambua maharage.

Ukilitazama sanduku lile kwa jicho la mama, utaona halikuwa na zawadi zilizodharauliwa. Lilikuwa ghala la kutolea. Kahawa ilipokuwa na bei, mama alikuwa na cha kupeleka msibani, kwa mzazi aliyejifungua, kwenye harusi ya mtoto wa jirani. Kahawa ilipoanguka, doti za binti yake ndizo zilizomrudisha katika mzunguko huo akiwa mtu kamili, mwenye mkono. Angekata khanga zote na kuzivaa angependeza sana, lakini angekaa ndani.

Ndiyo maana pia gari au basi la kurudi mjini halikuondoka jepesi. Mkungu wa ndizi za mtori, parachichi zisizoiva zilizofungwa kwenye gazeti, maharage, magimbi, maziwa mgando kwenye galoni lililofungwa na nailoni mdomoni ili lisivuje. Watoto wa Mwalimu, waliozaliwa na kukulia mjini, walinung'unika: ndizi zimejaa soko la Mabibo, kwa nini tubanwe miguu safari nzima? Aliwanyamazisha kwa ukali ambao hakuutumia kwa jambo lingine. Anayekataa mkungu wa bibi, aliwaambia, asimletee bibi hata kibiriti. Treni ya abiria iliporudi njia ya Moshi Desemba 2019, baada ya kusimama zaidi ya miaka 20, yeye alifurahia kwanza kwamba mizigo ya kushuka nayo ingepata nafasi.

Simu ndiyo iliyovuruga mpango wote. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata, Krismasi ilipata njia ya kupanda mlima bila mtu kupanda. Kuanzia katikati ya Desemba simu ya Mwalimu, wakati huo akiwa bado darasani, haikutulia. Shemeji anakumbusha sikukuu ya watoto. Binamu anapiga kizinga cha nauli. Mtu ambaye hajamsalimia tangu Pasaka anaanza na "Shikamoo dada" ndefu, na mwisho wake anaujua: "...na usisahau ya kutolea." Mwaka 2021 serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, hiyo ada ya kutolea ikawa hesabu ya kukaa chini, na mtu aliyetuma elfu ishirini alisikia maneno kwa sababu mpokeaji alishika pungufu.

Kisha likaja kundi la WhatsApp la ukoo, lenye orodha ya mchango wa ng'ombe wa sikukuu. Kila jina lina namba yake, kiasi chake na tiki ya kijani kwa aliyemaliza. Katibu anaibandika upya kila siku. Ukishuka chini unayakuta majina yaliyobaki wazi, na watu wote wa ukoo, wa Mwanza, wa Dodoma, wa Uingereza, wanayaona kwa pamoja. Zamani aibu ya mdogo wake ilimsubiri stendi tu. Angeweza kuikwepa kwa kutosafiri. Sasa inamfuata Manzese, chumbani, saa nne usiku. Mwalimu ameomba mara nyingi kwenye kundi kwamba orodha itajwe jumla tu bila majina. Wamekataa, wakisema pasipo majina hakuna anayelipa. Wana hoja, na bado yeye anaona ni ukatili.

Hata hivyo hakubaliani na wanaosema hela ya simu imeua zawadi. Ana sababu. Mwaka mmoja hakupata ruhusa ya kusafiri, akamtumia mama hela badala ya doti. Mama akatoka kwa wakala, akaenda sokoni, akanunua gambuti. Gambuti nyeusi za mpira, za kuingilia shambani wakati wa tope. Mwalimu alipigiwa simu na kuambiwa habari hiyo na mama mwenye sauti ya msichana. Kumbe mama alizitamani miaka na miaka, akiingia migombani na kandambili, miguu ikipasuka, na katika watoto wote waliokuwa wakishindana kumletea vitenge hakuna aliyewahi kuangalia miguu yake. Naye hakuwahi kusema, kama vile binti yake hakuwahi kusema habari ya mkanda. Zawadi ya mkononi ilitegemea macho ya mtoaji, na macho hayo mara nyingi yalitazama majirani watasemaje. Hela ilimpa mama, kwa mara ya kwanza tangu enzi za kahawa, uwezo wa kujichagulia.

Mama alizivaa gambuti hizo hadi alipoacha kwenda shamba. Doti aliendelea kuzitaka vilevile.

Leo Mwalimu amestaafu na kurudi mlimani, nyumbani kwa marehemu mumewe, si mbali na alikozaliwa. Sasa ndiye anayeletewa. Ikifika Novemba watoto wanapiga simu, "Mama, sikukuu hii unataka nini?" na swali hilo, ambalo wao wanaliuliza kwa wepesi, yeye linamkaba. Malezi yake yanamsukuma kujibu kwamba hataki kitu, waje tu salama. Amejilazimisha kuacha jibu hilo, kwa sababu anajua lilivyowachosha watu aliowapenda. Mwaka jana alitaja: taa ya sola ya banda la kuku. Ilimchukua siku tatu kuwaambia, na ilipofungwa aliiwasha na kuizima mbele yao kama mtoto.

Anachokikataa ni kupokea tu. Wajukuu wanaotoka Dar es Salaam wanajua zawadi zao kwa majina na rangi, wanazionyesha kwenye simu za mama zao, na bei zake zinamshinda kwa pensheni yake. Kwa hiyo anawapa alichonacho. Mjukuu wa kiume wa miaka saba alipewa mtetea, mwekundu, mwenye kishungi. Mtoto alitaka kuondoka naye, basi likakataa, ikabidi mtetea abaki kwa bibi kwa makubaliano kwamba ni wake. Tangu hapo simu zimeongezeka. Zamani mtoto alisukumwa asalimie. Sasa anaomba simu mwenyewe, na baada ya shikamoo anataka hesabu. Ametaga? Ameatamia mangapi? Bibi hamfichi: vimeanguliwa tisa, mwewe kachukua viwili, vingine vinaendelea.

Mwezi uliopita jogoo mmoja wa kizazi hicho alifikia umri wa kuuzwa. Bibi akapiga kuomba ruhusa ya mwenye mali. Mtoto akakubali, ila kwa masharti: anataka mpira, hela itumwe kwenye simu ya mama, na bibi asisahau ya kutolea.